Mgonjwa Ndani ya Kikapu

Shangazi yangu Mwanawetu binti Uthman alipigwa kofi mwezi wa Februari mwaka 1973, jioni jua halijazama, katika sebule ya nyumba moja ya Kololo, kwa kosa la kusema kwamba mnyama ni mgonjwa. Na mnyama mwenyewe alikuwa mgonjwa kweli. Hata aliyempiga alijua. Watu wamenishauri niache kuisimulia habari hii, kwa kuwa miaka ile wenzetu walipoteza waume na watoto, na kofi ni kofi tu. Najua. Nami nilikuwapo Kampala. Lakini nikilikumbuka kofi lile damu bado inanichemka, na sioni kwa nini nijizuie.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Babu yao alifika Uganda na misafara ya watu wa pwani, akaoa, akabaki, na ukoo ukatoa walimu wa madrasa na wauza vitambaa. Nyumbani kwetu Nakawa Kiswahili kilisemwa kwa adabu zake zote, na Shangazi hakumsamehe mtu aliyekivunja. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuchungulia kila kitu. Hakujaliwa mtoto. Mume wake alimwacha mapema, naye hakuuliza alikokwenda. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi ya upishi na ulezi kwa Bwana Alidina, Mhindi daktari wa meno aliyekaa Kololo. Asubuhi alikwenda kwa miguu kupitia Naguru, alasiri akarudi kwetu.

Kwa Bwana Alidina ndiko alikojuana na Jivu.

Jivu alikuwa chinchila. Wengi wetu hatujapata kumwona mnyama huyo. Mimi nilipomwona mara ya kwanza nilidhani sungura ameoana na kindi: mwili wa mviringo unaoenea viganjani, masikio mapana yasiyo na manyoya, mkia wa kichaka, na manyoya mazito, laini, ya rangi ya majivu, hata kidole hakijui hewa imeishia wapi na mnyama ameanzia wapi. Kwao ni milima ya baridi ya Amerika ya Kusini. Mzungu mmoja aliyekuwa akiwafuga nyanda za juu za Kenya alimpa Bwana Alidina mmoja, naye akamletea binti yake Shirin. Binti alimpa jina, akampenda, akambusu. Kazi ya kumtunza, kama ilivyo desturi ya nyumba zile, ikamwangukia Shangazi.

Hakuichukua kwa ulegevu. Bwana Alidina alianza kumfundisha kwa jambo ambalo daktari wa meno tu ndiye angelianza nalo. "Mwanawetu, tazama meno yake ya mbele," alimwambia. "Yakiwa manjano kama bizari, mzima huyo. Yakianza kuwa meupe, kuna jambo." Meno ya mnyama yule hayakomi kukua maisha yake yote. Asipopata majani makavu ya kusaga mchana kutwa, yanarefuka mpaka yanamtoboa ulimi. Mengine Shangazi aliyajifunza kwa macho yake. Alijua kwamba maji hayamwogeshi, bali vumbi. Basi akawa anatwanga kwenye kinu jiwe lile jepesi la kusugulia visigino, anachekecha, anamwekea katika sufuria pana, na Jivu anabiringika humo kama punda. Alijua kwamba joto linamuua. Tundu lake lilikaa stoo, upande usiopigwa na jua, na ndani yake kipande cha marumaru kilichotoka kwenye meza ya kunawia iliyovunjika, ili mnyama alalie ubaridi.

Na kila asubuhi, kabla hajachemsha chai ya mtu yeyote, aliinama kutazama choo chake.

"Huyu hana ulimi wa kuniambia anaumwa," aliniambia siku nilipomcheka. "Tena ni mwongo. Mnyama anayeliwa na wanyama wengine huuficha ugonjwa wake mpaka siku ya mwisho. Lakini choo hakijui kuficha. Punje zikiwa nyingi na nene, amekula. Zikiwa chache na nyembamba kama mchele, usingoje kesho."

Mwaka 1972 amri ikatoka kwamba Wahindi waondoke nchini katika siku tisini. Familia ya Alidina ilipata ndege mwanzoni mwa Novemba. Mnyama hawakuruhusiwa kumchukua. Shirin alilia mpaka akatapika. Bwana Alidina aliketi kwenye sanduku, akaandika barua kwa mkono wake: chinchila huyu ni mali ya Mwanawetu binti Uthman. Akaitia sahihi, akampa. Waliondoka saa nne asubuhi. Shangazi alibaki kusafisha nyumba, akipanga kumbeba Jivu alasiri amlete kwetu Nakawa.

Saa sita Landrova ikaingia uani. Akashuka Kapteni Sadiq, mtu mrefu aliyenyolewa vizuri, na nyuma yake askari wawili.

"Nyumba hii iko yangu sasa," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Na kila kitu ndani."

"Karibu," Shangazi alijibu. "Mimi nachukua mnyama wangu naenda."

Kapteni akachungulia tunduni. "Hii nini?"

"Chinchila. Ni wangu. Barua hii hapa."

Kapteni akaishika barua, akaitazama juu na chini, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Mhindi hana ruhusa ya kugawa mali ya serikali. Panya inabaki. Wewe kama unataka kazi, baki nayo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitu alichopewa na mwenyewe, kwa mkono na kwa maandishi, kilimtoka kati ya saa nne na saa sita. Nilimshauri asirudi tena kule. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Nisirudi? Na nani atatazama choo chake?"

Akarudi. Akapika kwa Kapteni kama alivyopika kwa Alidina. Mke wa Kapteni aliitwa Safinah, msichana wa Bombo ambaye hakuwa hata na miaka ishirini, mjamzito, mpole, mwenye kuogopa vitu vingi. Alimpenda Jivu kama mtu anavyopenda pambo. Kapteni naye alipenda wageni wake waone kitu wasichokuwa nacho wao, basi akaamuru tundu litolewe stoo liwekwe sebuleni, mbele ya dirisha kubwa linalotazama magharibi. Marumaru ikatolewa, Shangazi akiambiwa inaonekana kama takataka. Majani makavu yakakatazwa, kwa kuwa yanachafua zulia. Shangazi alikuja nayo kila asubuhi ndani ya kanga, na kila asubuhi askari wa zamu aliyatupa nje. Wageni walimlisha Jivu njugu, biskuti, zabibu kavu, vipande vya keki. Walicheka akivishika kwa mikono yake miwili midogo.

"Msimpe njugu," Shangazi alisema. "Tumbo lake si la njugu."

"Wewe ni yaya au daktari?" Kapteni alimuuliza, na wageni wakacheka tena.

Ikaja Januari, jua kali, kila alasiri dirisha lile likageuka tanuri. Shangazi alianza kunung'unika akirudi nyumbani. Mara choo kimepungua. Mara jicho moja linatoa machozi. Mara meno yale ya bizari yamefifia. Wiki ya kwanza ya Februari aliingia nyumbani, hakuvua hata viatu, akaniambia, "Nusura, kidevu chake kimelowa."

"Amekunywa maji, Shangazi."

"Mate. Mate yanamchuruzika, na mikono imelowa kwa kujifuta. Ana kitu mdomoni."

Kesho yake alimwita Safinah, akamwonyesha. Safinah akachutama mbele ya tundu. Jivu alikuwa ameokota punje ya chakula cha sungura, ameishika kifuani. "Mbona anakula?" Safinah akasema. "Si huyo ameshika?"

"Mama, kushika si kula. Ngoja."

Wakangoja. Jivu aliipeleka punje mdomoni, akaigusa kwa meno, akatikisa kichwa, akaiacha ianguke. Akaokota nyingine. Akaiangusha. Chini ya tundu palikuwa na punje nyingi zilizolowa, hakuna hata moja iliyotafunwa. Shangazi akafunua trei ya chini: choo cha siku nzima kingeenea kwenye kijiko cha chai.

Safinah alimwambia mumewe jioni ile. Mumewe akasema mnyama wa Mhindi anajidai kama Wahindi wenyewe.

Jumamosi palikuwa na karamu ya mchana. Wanajeshi na wake zao walijaa sebuleni, redio inapiga, pazia limefunguliwa ili watu waone bustani. Shangazi alikuja na sinia la pilau, akatupa jicho kwenye tundu, akaliweka sinia juu ya meza ya watu bila kumkaribisha mtu. Jivu alikuwa amelala ubavu. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyama mbichi, mbavu zinapanda na kushuka haraka haraka, mdomo wazi. Shangazi alilinyanyua tundu zima.

"Rudisha," Kapteni akasema.

"Anakufa kwa joto."

"Nimesema rudisha. Watu bado naangalia."

Shangazi aliniambia kwamba alisikia redio ikizimwa. Alimjibu, "Basi waje jikoni waangalie," akatoka na tundu mikononi. Alimlaza Jivu sakafuni kwenye saruji, akaokota marumaru yake nyuma ya pipa la taka, akamfutafuta masikio kwa kitambaa chenye maji ya baridi kidogo tu, asimloweshe manyoya, akaweka kando yake chupa iliyotoka kwenye friji ameizungushia kanga. Baada ya nusu saa pumzi ikatulia. Lakini chakula alikikataa. Siku ile nzima hakuna kilichoingia wala kutoka.

Jumapili ndiyo siku niliyomkosea Shangazi, na nitaisema. Alikuja amevimba macho, akazunguka nyumba akisema kwamba tumbo la chinchila likikaa tupu linasimama, na likisimama halianzi tena. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya Nakawa. Wiki ile karani mwenzetu alikuwa ameitwa nje na watu wawili waliovaa miwani ya jua, na kiti chake kilikuwa kitupu. Nikapandwa na hasira.

"Shangazi, watu wanapotea, nawe unalilia panya?"

Alisimama. Hakunikemea kama nilivyotarajia. "Nisipolisema hili dogo nililo na hakika nalo," alisema, "lile kubwa nitalisema kwa mdomo gani? Mnyama anaumwa. Nimeona. Nimewaambia. Nao wanajua kuwa ni kweli, wananiambia ninyamaze. Hilo ndilo linalowapeleka hao wengine, Nusura. Ni jambo lilelile."

Nikainuka, nikamwekea chai.

Jumatatu asubuhi alimwomba Kapteni ruhusa ya kumpeleka Jivu kwa daktari wa mifugo. Kapteni alikuwa anafunga mkanda. "Daktari wa watu hakuna, wote nakimbia," alisema. "Wewe unataka daktari ya panya?" Akaondoka na Landrova. Shangazi akangoja vumbi litue, akaweka kanga ndani ya kikapu, akamweka Jivu juu yake, akatoka kwa mlango wa mbele, saa tatu ya asubuhi, kila mtu akiona.

Karibu na Lugogo palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja akamnyooshea mkono.

"Mama, iko nini ndani ya kikapu?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani naingia kwa kikapu? Fungua."

Akafungua. Askari akainama. "Nyama gani hii?" Kabla Shangazi hajamjibu alimshika Jivu mgongoni. Chinchila akishikwa kwa nguvu huyaachia manyoya ili akimbie. Yakatoka fungu zima, yakabaki mkononi mwa askari, na pale mgongoni pakaonekana ngozi tupu. Askari alipiga ukelele, akayakung'uta manyoya kama anayekung'uta siafu. "Hii uchawi! Natoa manyoya yenyewe!"

"Si uchawi, ni woga," Shangazi akasema. "Ungeshikwa hivyo nawe ungeacha suruali yako. Nipishe."

Mwenzake alicheka, na kicheko kile nadhani ndicho kilichomwokoa. Lakini waliuliza mnyama ni wa nani, na Shangazi, ambaye hakujua kudanganya hata ilipofaa, akajibu, "Wangu. Ila Kapteni Sadiq wa Kololo anasema ni wake." Wakaliandika jina hilo.

Alinipitia ofisini, tukaenda pamoja. Kliniki ya mifugo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Nakawa, na daktari wake aliitwa Otema, kijana Mwacholi mwenye sauti ya taratibu, koti lake limejaa madoa ya dawa ya kupe. Hakucheka alipoona kilichomo kikapuni, na kwa hilo tu nilimheshimu. Alimpima kwenye mizani ya kupimia vifaranga. Akauliza: ameacha kula lini, choo kikoje, mate yameanza lini, anakula nini. Shangazi alijibu yote kwa siku na kwa saa, na daktari akawa anamtazama kwa mshangao unaoongezeka.

"Nani amekufundisha kuangalia hivi, mama?"

"Daktari wa meno. Na choo."

Otema alimpulizia Jivu dawa kidogo ya usingizi, akamfungua mdomo kwa kijiti, akamulika tochi. Akaniita nitazame. Magego ya chini yalikuwa yameota ncha kama miiba, zimeelekea ndani, na ulimi una kidonda. "Kila akitafuna anajichoma," alisema. "Ana njaa na chakula kipo mbele yake. Majani makavu hapewi?"

"Yanachafua zulia," Shangazi alijibu.

Daktari aligeuka kuchukua vyombo vyake. Alizikata zile ncha kwa koleo nyembamba, akasugua kwa tupa ndogo, kazi ya robo saa. Jivu alipozinduka daktari alitupatia bomba la sindano lisilo na sindano, akatuonyesha: chakula cha sungura kisagwe, kikorogwe na maji kama uji, kiingizwe pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, mnyama akiwa ameketi asije akapaliwa. Kila baada ya saa mbili. Tumbo lisuguliwe polepole. "Na asirudi kwenye dirisha hilo," alisema. "Akirudi, mmefanya kazi bure." Akajaza karatasi ya kliniki. Jina la mwenye mnyama? "Mwanawetu binti Uthman," Shangazi akasema, akasimama wima kabisa. Otema akaandika, akatia sahihi, akagonga mhuri.

Tukamleta kwetu. Tulimlisha siku ile, na siku iliyofuata hadi saa kumi na moja jioni, nami ndiye niliyeshika bomba pale askari wawili walipoingia bila hodi. Habari za kizuizini zilikuwa zimemfikia Kapteni. Walituchukua sote watatu, mimi, Shangazi na mgonjwa.

Kapteni alikuwa sebuleni, Safinah kwenye kiti cha pembeni.

"Wewe mwizi," alianza.

Shangazi akatoa karatasi. "Mnyama huyu ni wangu. Barua ya kwanza ulinyang'anya. Hii ya pili ina mhuri. Daktari ameandika ugonjwa wake na sababu yake. Sababu ni nyumba hii."

Kapteni akaisoma karatasi polepole. Hakusoma ugonjwa. Kidole chake kilisimama penye sahihi. "Otema," alisema. "Otema wa wapi?"

Mwaka ule hapakuwa na mtu Kampala asiyejua maana ya swali hilo. Waacholi walikuwa wakitafutwa kwa majina yao tu. Nilimwona Shangazi akibadilika uso.

"Jina la daktari si kesi," alisema kwa haraka. "Kesi ni mnyama. Nilikwambia njugu hapana. Nilikwambia dirisha hapana. Nilikwambia kidevu kimelowa. Mara ngapi? Baba yangu alikuwa mwalimu, Kapteni. Alitufundisha habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Wewe umemfungia huyu. Kumlisha hukujua, na anayejua ukamkataza. Unaswali pamoja na watu Ijumaa, habari hii utaisemaje mbele ya Mungu?"

Ndipo akampiga. Kofi la mkono mzima, la mtu mrefu kwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili. Ushungi ulianguka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nimekumbatia kikapu, na sikufanya lolote. Hilo nalo limo katika hasira yangu.

Shangazi aliokota ushungi wake, akaufunga vizuri, hakujigusa shavu.

Aliyesema alikuwa Safinah. Alikuwa ameinuka, mkono tumboni. "Mpe aende naye."

"Kaa chini."

"Sikai. Nilimwona nami. Alishika chakula, hakula. Mwanangu atazaliwa nyumba hii, sitaki kitu kifie hapa kwa njaa na sisi tunacheka. Mpe."

Sijui kama Kapteni alimwogopa Mungu au aliogopa tu machozi ya mke mjamzito mbele ya askari wake. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Chukua panya yako. Na kazi hapa hakuna." Karatasi ya daktari aliikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Tulifika mlangoni, Shangazi akageuka. Nilidhani amechanganyikiwa. "Kuna kipande cha marumaru jikoni," alisema. "Hicho ni chake." Akapita mbele ya Kapteni, akaingia jikoni, akatoka nacho kwapani, na hakuna aliyemzuia.

Asubuhi yake hakuzungumzia kofi. Kabla kliniki haijafunguliwa alikuwa amesimama mlangoni kwake Otema, na daktari alipofika, Shangazi akamweleza kila kitu: karatasi, kidole, swali, mfuko wenye kifungo. Daktari alicheka kwanza. "Kwa jino la chinchila?" alisema. Halafu akaacha kucheka. Alinawa mikono muda mrefu, akampa Shangazi chupa ya dawa ya kidonda na mfuko wa chakula cha sungura. Siku tatu baadaye kliniki ilikuwa na kufuli. Tulisikia mwaka uliofuata, kwa mfanyabiashara Mluo aliyekuja kutoka Kisumu, kwamba yuko huko na anatibu ng'ombe. Shukrani zote ni za Mungu. Lakini hebu fikiria: nchi ilikuwa na daktari, na daktari amekimbia kwa sababu alimtibu mgonjwa na kuandika jina lake chini. Msimu ule ndigana, homa ya kupe inayoua ndama, ilipita mashambani nyuma ya Nakawa, na watu wakasimama mbele ya kufuli lile na kamba za ndama mikononi.

Jivu tulimlisha kwa bomba siku kumi na moja. Siku ya tano punje za choo ziliongezeka, Shangazi akaniamsha alfajiri nije nizione kana kwamba ni lulu. Siku ya kumi na mbili tulikuwa tumekaa tunachambua mchele, tukasikia mlio mdogo mkavu, krr, krr, krr, kutoka kwenye tundu. Alikuwa ameshika ubua wa jani kavu, anausaga. Shangazi aliinamisha kichwa juu ya ungo, mabega yakamtikisika. Hakuwa amelia siku ya kofi.

Kazi nyingine ya nyumba hakuipata tena. Waliokaa Kololo sasa walikuwa wenzake Kapteni. Alifundisha watoto wa jirani kusoma Kurani, na watu wenye sungura na mbuzi walikuja kumuuliza. Aliwajibu kwa ukali. Mtu akisema, "Jana alikuwa mzima kabisa," alimkatiza: "Jana hukumtazama." Jivu aliishi nasi hadi mwaka 1978, manyoya ya mgongo yaliota tena, akafa kwa uzee wake akiwa juu ya ubaridi.

Utawala ule ulipoanguka, ofisi moja ilifungua daftari la watu kuja kueleza walichopotezewa. Shangazi alijipanga foleni tangu asubuhi, nami nikamsindikiza. Karani alikuwa kijana nadhifu, kalamu mpya.

"Nyumba?" akauliza.

"Hapana."

"Gari? Duka? Ng'ombe?"

"Andika kofi moja," Shangazi akasema. "Na andika daktari mmoja wa mifugo, aliyekuwa nyuma ya soko la Nakawa."

Karani alitabasamu. "Mama, hapa hatuna mstari wa vitu kama hivyo."

"Una kalamu na rula," alimjibu. "Piga mstari."

Hakuupiga. Alisema atamuuliza mkubwa wake, akamwita mtu aliyefuata. Tulikaa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, na kesho yake Shangazi akarudi, na kesho kutwa. Siku ya nne karani alikuwa amehamishiwa kwingine, na aliyekuja badala yake hakujua tunazungumza habari gani.